Kumshika Pandu

10 Juni 1954, Kikwajuni

Shangazi, Bi Mwanamwema, kanambia, "Andika, mwanangu. Masikio yangu yamechoka. Kila ukirudi mpirani ni Pandu hivi, Pandu vile. Iambie karatasi, mie niache nipike." Haya, naandika.

Mimi ni Jecha bin Duni, mtu wa Makunduchi upande wa kusini, mchukuzi wa magunia bandarini na mchezaji wa mpira wa yai. Si mpira wa miguu, ule kila mtu anaucheza. Huu wetu una ncha mbili, unaushika mikononi unakimbia nao, na anayekuzuia unampiga kikumbo. Kauleta bwana mkubwa wa ghala letu, Mngereza wa kaskazini ya kwao, ambako anasema kuna watu wanalipwa mshahara kwa kucheza tu, na yeye alikuwa mmoja wao. Jina lake halitamkiki. Tunamwita Bwana Sikio, maana sikio lake la kushoto limepondwapondwa mpirani mpaka limekunjamana kama sambusa. Kachagua wachukuzi kumi na watatu wenye migongo. Mimi mgongo wangu unawashinda wote. Sisemi kwa kujisifu, ndivyo ulivyo.

Leo katupa habari. Kuna manowari ya Kingereza itatia nanga hapa mara mbili. Mwisho wa mwezi huu tutacheza na mabaharia wake kujipima. Mwezi wa Agosti ikirudi ndo mchezo wenyewe. Tukiwafunga, kampuni yenye ghala inatuajiri wote, kazi yetu iwe kucheza, na magunia tumeagana nayo. Tukifungwa, timu inavunjwa.

Mchezaji wa kulipwa! Mtu wa Makunduchi! Nimekula sahani mbili za wali na Shangazi hakusema kitu.

12 Juni

Sasa nieleze balaa lenyewe. Mchezo huu una kitu kinaitwa skramu. Watu sita wa huku na sita wa huku wanainama, wanashikana, vichwa vinaingiana, mpira unatiwa katikati, na hapo ni kusukumana tu. Safu ya mbele ina watu watatu. Mimi niko kushoto. Wa katikati kazi yake ni kuuvuta mpira kwa mguu, kwa hiyo ananing'inia mabegani petu, na mimi natakiwa nimkumbatie kiunoni nimkaze kabisa.

Wa katikati ni Pandu.

Pandu ni wa Makunduchi pia, upande wa kaskazini. Mwaka jana babangu alimuuzia babake ng'ombe, na yule ng'ombe akafa siku ya pili. Pandu akasimama mbele ya watu, baada ya sala ya Ijumaa, akasema babangu alijua kuwa mnyama mgonjwa na akanyamaza. Babangu! Mzee wa watu, msikitini anakaa safu ya mbele!

Kwetu ugomvi wa namna hii una siku yake, nayo ni Mwaka Kogwa, mwaka mpya wetu. Siku hiyo wanaume wa kusini na wa kaskazini wanaingia uwanjani na mabua ya migomba, mwenye lake moyoni anampiga mwenzake na anapigwa, wanawake wanaimba matusi pembeni, na likisha, limekwisha, kibanda cha makuti kinachomwa, mnakaa sinia moja. Mwaka jana Pandu alikuwa na homa hakuingia. Basi deni la mapigo lipo, na mpaka lilipwe, mimi kumkumbatia yule mtu ni sawa na kusema babangu kweli mwongo.

Bwana Sikio hajui haya. Leo kapiga kelele uwanja mzima, "Jecha! Shika yeye! Shika kama mke!"

Mke sina. Na ningekuwa naye asingekuwa na ndevu.

15 Juni

Upepo wa kusi unavuma, baridi. Mazoezi. Nimeshika shati la Pandu kwa vidole viwili.

19 Juni

Vidole vitatu. Bwana Sikio katukana kwa Kingereza, sikuelewa, lakini nimeelewa.

26 Juni

Tumefungwa. Ishirini na moja kwa tatu. Niandike yote, hasira isinilaze njaa.

Mabaharia wale wamekula wakashiba tangu utotoni. Lakini si kwa unene walitufunga. Mimi wa kwangu nilimsukuma mpaka akaanza kunitazama kwa adabu. Walitufunga kwa sababu kila skramu lilipatikana tundu baina yangu na Pandu, na mabaharia si wajinga, wakaliona, wakawa wanaingia pale pale. Safu ikawa inapasuka. Mara ya tano Pandu alikosa pa kuning'inia, akaanguka kifudifudi, watu wanane wakampita juu.

Akanyanyuka na mchanga mdomoni. Nikafikiri atanambia neno. Hakunambia. Akarudi kuinama mahali pake.

Hilo limeniudhi zaidi. Angenitukana ningepumua.

Baada ya mchezo Msabah, kepteni wetu, kijana wa mtaa wa Malindi hapa mjini, mpole, maneno yake laini kama mtu anayeuza hariri, katuita pembeni.

"Ndugu zangu, kuna nini baina yenu?"

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna," Pandu akasema.

"Basi hicho kisichokuwepo kimetufungisha," Msabah akasema.

2 Julai

Msabah katualika nyumbani kwao baada ya Ijumaa. Halua, kahawa, zulia, ubani, mambo ya mjini. Ami yake mzee, mtu wa heshima, kaja kutupatanisha.

"Shikamoo," tukasema sote wawili.

"Marahaba. Haya, wanangu, semeni. Mkosa aombe radhi, aliyekosewa asamehe, tusome Fatiha tule halua."

Nikamwambia hilo haliwezekani, siku yake bado. Akanitazama. Pandu akasema, "Kweli, mzee wangu, bado. Mwezi ujao."

"Mwezi ujao kuna nini?"

"Tutapigana," tukasema.

Mzee akaweka kikombe chini. "Lahaula! Mnangoja mwezi mzima kupigana?"

Watu wa mjini hawafahamu. Kwao ugomvi unatibiwa papo hapo kwa maneno, halafu unalala chini ya zulia na kesho unaamka. Wetu unapigwa mbele ya watu wote, unakufa.

Halua ilinukia vizuri. Hatukuila. Nilipotoka nje nikamwona Pandu anameza mate, na mimi nameza yangu.

6 Julai

Magunia. Mgongo unauma.

10 Julai

Msabah kamweleza Bwana Sikio habari zote. Bwana Sikio kafurahi! Kaona njia fupi. Kaleta mabua mawili ya mgomba kutoka sokoni, kayatupa katikati ya uwanja.

"Haya! Piga! Sasa! Kwisha!"

Mimi na Pandu tukatazamana, nadhani mara ya kwanza mwaka huu.

"Haiwi hivyo, Bwana," nikasema.

"Kwa nini haiwi?"

"Ndugu zetu hawapo," akasema Pandu.

"Na wanawake hawapo," nikasema, "nani atatuimbia matusi?"

"Na kibanda hakuna cha kuchoma," akasema Pandu.

"Na siku siyo."

Bwana Sikio akakaa kitako kwenye majani, akashika lile sikio lake. Timu nzima inacheka, wengine wamelala chini. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kucheka, na nilijua Pandu pia anataka. Tukageuka kila mtu upande wake.

17 Julai

Pandu kavunjika kidole cha mkono mazoezini. Kakivuta mwenyewe kikalia, kakifunga kwa kitambaa, kaendelea. Sikumuuliza. Lakini nimeona.

18 Julai

Shangazi: "Leo hukunitajia Pandu. Mgonjwa?"

24 Julai

Tumecheza na mchanganyiko wa askari na makarani. Tumeshinda kwa tabu. Skramu mbovu. Msabah anasema makarani wale wamepasua safu yetu kwa kalamu, sasa mabaharia je?

Nimemshika Pandu kwa mkono mzima leo. Si kiunoni. Begani.

30 Julai

Balaa juu ya balaa. Bwana Sikio kasema kuanzia kesho kutwa timu yote italala ghalani, hakuna kutoka mjini mpaka mchezo uishe tarehe saba. Atakayetoka, katoka kwenye timu.

Mwaka Kogwa ni tarehe tatu.

31 Julai

Sikulala vizuri. Nikikaa mjini, Mwaka unapita, ugomvi unangoja mwaka mwingine, na tarehe saba safu inapasuka, tunafungwa, timu inavunjwa. Nikienda, nimetoka kwenye timu. Njia zote mbili zinanirudisha kwenye magunia. Babangu ana miaka mingapi ya kungoja watu waache kunong'ona? Na mimi mgongo huu utabeba mpaka lini? Nnataka kulipwa kwa kucheza, wallahi nnataka mpaka meno yananiuma.

Asubuhi nikenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Sikio. Nikamkuta Pandu kesha simama mlangoni! Kaja kwa lile lile. Tukaingia pamoja.

Nikasema mimi, kwa kuwa nna mdomo. "Bwana, timu yako imepasuka katikati. Dawa iko Makunduchi siku ya Jumanne. Tupe siku hiyo moja."

Msabah alikuwamo. "Na mkivunjana mbavu?"

"Bua la mgomba halivunji mbavu," nikasema.

"Likipigwa na huyu linavunja," akasema Pandu, kwa utulivu kabisa, ananionesha kwa kidevu.

Ebo! Hiyo ni sifa! Sikujua niiweke wapi.

Bwana Sikio akauliza, na yeye akifuatana nasi, atakwenda kama nani? Nikamwambia, kama mgeni wa babangu. Kwetu Mwaka bila ya mgeni nyumbani una nuksi, na babangu mwaka huu hajapata mgeni, watu wamemkimbia tangu habari ya ng'ombe. Nililisema hilo mbele ya Pandu. Pandu akatazama sakafu.

"Nitakwenda," akasema Bwana Sikio.

3 Agosti, Makunduchi

Naandika nyumbani kwetu, mkono wa kulia umevimba, herufi zitakuwa mbaya.

Asubuhi anga safi, baridi ya kusi, uwanja umejaa. Wanawake wamevaa kanga mpya wanazunguka na kuimba. Wamenitungia tusi langu papo hapo, kwamba Jecha wa Duni kakimbilia mjini kwa kuogopa jembe, sasa anacheza na yai kama kuku. Bwana Sikio akauliza wanasema nini. Msabah, aliyefuatana naye, akamwambia wanamsifu.

Kusini tukasimama huku, kaskazini kule. Ndugu zangu wawili ubavuni. Nikamtafuta Pandu, sikuhitaji kutafuta, alikuwa ananijia. Kavua shati, lile bua kalikamata mikono miwili na kidole chake kilichofungwa.

Nikampa la kwanza begani. Akanipa la shingo, nikaona nyota mchana. Nikampa mbavuni upande wa kushoto, na hilo nililipiga kwa ajili ya babangu, kwa nguvu zote za magunia yote niliyobeba, na bua likakatika vipande viwili. Pandu akapiga goti moja. Akainuka! Akanipiga la mgongo, la paja, la mgongo tena, na mimi nikatupa kipande nikachukua bua jengine, na hapo sikumbuki mpango wowote, tulipigana mpaka mabua yakawa kamba mikononi mwetu na maji yake yanatutiririka, na watu wengine wote walikuwa wameshasita wanatutazama sisi wawili.

Tukasimama. Mimi nahema, yeye anahema.

"Lako limekwisha?" akauliza.

Nikatafuta moyoni. Nikatafuta vizuri, maana huwezi kudanganya hapo. "Langu limekwisha. Lako?"

"Limekwisha zamani. Nilikuwa nakurudishia tu."

Nikacheka. Akacheka, akashika mbavu kwa maumivu, akacheka tena. Kibanda cha makuti kikachomwa, moshi ukapanda, wanawake wakapiga vigelegele.

Kisha kula. Babangu katandika mkeka uani, kamkalisha Bwana Sikio mahali pa mgeni, na mzee uso wake ulikuwa mpana sijauona hivyo mwaka mzima. Pandu akaja na babake. Babangu mwenyewe akainuka, akachukua pande la nyama kubwa kuliko yote, akalitia mbele ya Pandu.

"Kula, mwanangu. Huyu kachinjwa, hakufa mwenyewe."

Mtume! Watu wote wakavunjika mbavu. Babake Pandu akatokwa na machozi ya kicheko, akamshika babangu mkono wa kushoto, wakashikana hivyo hivyo wanakula kwa mikono ya kulia. Kama babangu alijua au hakujua habari ya yule ng'ombe, hakuna aliyeuliza na hakuna atakayeuliza. Bwana Sikio alikula mpaka akafungua mkanda.

Halafu tukashuka pwani sote kukoga.

5 Agosti

Mazoezi. Nimemkumbatia Pandu kiunoni. Akaguna.

"Nimekuumiza?"

"Ndipo ulipopiga."

"Nishike juu kidogo?"

"Shika hapo hapo. Panataka kukazwa."

Tumewasukuma wenzetu mpaka kwenye mitaro. Bwana Sikio kaondoka kavaa kofia yake kinyumenyume.

7 Agosti

Shangazi amelala, mtaa bado una kelele, na mimi siwezi kulala mpaka niandike.

Adhuhuri ilipiga mvua ya ghafla, uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa utelezi. Mpira ukawa kama pweza, kila anayeushika unamponyoka, na kila ukidondoka inapigwa skramu. Wale mabaharia wakafurahi, wakanyoosha vidole wakaoneshana lile tundu letu. Wameliweka akilini tangu Juni.

Skramu ya kwanza wakaja na uzito wao wote baina yangu na Pandu. Hapana tundu! Nilisikia mbavu za Pandu chini ya mkono wangu, nikakaza, akakaza mkono wake shingoni mwangu, na yule baharia wangu, yule yule wa Juni, akatoa sauti ya mtu aliyepiga bega ukuta wa ghala.

Hata hivyo si mchezo wa mzaha. Mbio wanatushinda. Wakatia mpira mstarini mara mbili, tatu kila mara, wakapiga na teke moja la mbili, nane. Sisi Msabah katia mara moja, mkwaju wetu ukaingia mara mbili, saba. Watu wamejaa mpaka barabarani, nusu yao hawajui sheria, kila kitu kwao "Goli!" Shangazi kasimama mbele kabisa na buibui lake, anamwambia kila mtu, "Yule mnene wangu, yule mnene!"

Saa imekwisha. Refa katazama mkono. Nane kwa saba, na mpira umedondoka karibu na mstari wao. Skramu.

Bwana Sikio alikuwa pembeni, wakubwa wa kampuni wamekaa vitini nyuma yake, mmoja kesha shika mwavuli wake aondoke. Nilimwona. Nikasema moyoni, kaa kitako, wewe, bado!

Tukainama. Pandu kichwa chake sikioni mwangu.

"Jecha."

"Naam."

"Nnauleta mguuni, lakini siutoi nyuma. Naubakisha hapa hapa. Wewe nisukume mimi."

"Mbavu zako?"

"Mbavu zangu waachie wa kaskazini. Nisukume!"

Mpira ukatiwa. Mguu wa Pandu ukaudaka. Na mimi nikasukuma. Nilisukuma na mgongo wangu wote, nikamkaza mpaka sikujua wapi nnaisha mimi na wapi anaanza yeye, na wa nyuma wakatusukuma, na wale mabaharia wakakita viatu vyao, wakashika, wakashika, kisha kiatu kimoja kikateleza. Kimoja tu! Tukatembea. Hatua, hatua, mpira baina ya miguu ya Pandu kama kifaranga na mama yake, watu wa Mnazi Mmoja wanapiga ukelele mmoja, mstari ukapita chini ya macho yangu, mweupe, na Pandu akaanguka juu ya mpira na mimi nikaanguka juu ya Pandu na dunia nzima ikaanguka juu yangu.

Kisha firimbi.

Kumi kwa nane!

Tulipotolewa kwenye lile rundo, Pandu alikuwa kijivu, hawezi kupumua sawasawa, anacheka. Nikambeba. Mchukuzi ni mchukuzi, nikamtia begani nikazunguka naye uwanja mzima, na yeye anapiga kelele, "Nishushe, punda wee, unaniumiza!" na sikumshusha. Yule baharia wangu kaja kanipa mkono, mkono wake mkubwa kama kasia. Bwana Sikio analia waziwazi, hajali. Mzee wa mwavuli kaja mwenyewe kwenye tope na viatu vyake vinavyong'ara, kamwambia neno, Bwana Sikio akatugeukia akataka kusema Kiswahili, kikamkataa, akanyoosha vidole gumba viwili.

Tumeajiriwa.

Nimeliandika neno hilo nimelitazama. Tumeajiriwa.

9 Agosti

Mazoea mabaya. Leo Jumatatu nimeamka alfajiri, nimechukua kipande changu cha gunia cha kuwekea begani, nimekwenda kusimama kwenye foleni ya wachukuzi mlangoni pa ghala, nusu usingizini. Mnyapara kapita anahesabu watu, kafika kwangu kasita.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kazini."

"Kazi yako siyo hii. Hebu toka, unanizibia njia."

Foleni nzima ikashangilia. Nimekwenda mpaka Mnazi Mmoja mbio, na kile kipande cha gunia bado kiko begani, nacheka peke yangu njiani kama mwehu. Uwanja ulikuwa mtupu, umande, kusi inavuma. Katikati kakaa Pandu, kifua kimefungwa vitambaa kama maiti, daktari kamkataza kukimbia mwezi mzima, na viatu vyake kesha vaa.

"Umechelewa kazini," akasema.